Mafuta ya Mkia Kwenye Breki

Kombi yangu ilikuwa na breki za nyuma zenye adabu nyingi mno. Ukizikanyaga, zinafikiri kwanza. Barabarani peke yangu ningezivumilia, lakini miaka ile ya vita vya shifta hakuna aliyetoka Garissa peke yake. Magari ya Nairobi yaliondoka mara moja kwa wiki, kila Alhamisi, msafara mmoja, askari mbele na askari nyuma. Na Alhamisi moja nikalibusu lori la unga lililokuwa mbele yangu. Kidogo tu. Sajini wa msafara alihesabu mkwaruzo mmoja. Mimi nilihesabu mara mbili na sikuuona hata huo. Akasema nisirudi kwenye mstari wake bila breki mpya za nyuma.

Ningebishana naye wiki nzima, maana riziki yangu ni kubishana. Lakini safari iliyofuata haikuwa ya mbuzi wala ya ngozi. Ilikuwa ya mama mkwe. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, amebaki kututambua kwa sauti na kwa hatua, na daktari wa Nairobi aliyekubali kumpasua alikuwa anarudi kwao Ulaya mwisho wa wiki ile. Ni msafara wa Alhamisi, au ukungu ubaki.

Mafundi wawili wa mji walikuwa wameshikwa na malori ya serikali. Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilipiga jeki mwenyewe, uani. Breki shuu, yale mapande yaliyopinda kama mwezi mchanga ambayo hutanuka ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu, na kulikaba, nilikuwa nimezinunua kwa Mwarabu wa dukani baada ya chai nne. Ya tano aliniletea bila sukari, nikajua bei imefika mwisho.

Msaidizi wangu alikuwa seedi, yaani kaka wa mke wangu, mtu wa ngamia kutoka upande wa Buna. Amri ya serikali ilikuwa imemleta mjini na kumtenga na mifugo yake, na mikono yake ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi. Kati ya mashemeji kwetu utani ni kama chumvi, na yeye hakuwa mchoyo. Aliniuliza ni mnyama gani huyu anayehitaji kuvuliwa miguu ili afundishwe kusimama. Nikamwambia ngamia wake husimama vizuri sana, hasa pale unapotaka aende.

Nilifungua gurudumu moja tu, la pili nikaliacha zima liwe kielelezo, maana springi za breki ukizichanganya utalia. Nilizipanga juu ya gunia, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Seedi akauliza kama nadhani zitazaa katikati ya hesabu. Lakini lazima niseme ukweli: springi iliyonishinda kwa koleo mara tatu, yeye aliivuta kwa fundo la kamba ya ngamia, ikaingia kimya. Kufikia adhuhuri upande wa kwanza ulikuwa umekamilika isipokuwa dramu, na wa pili umeshafunguliwa na kuvishwa shuu mpya. Nikaenda kuswali. Nilimwomba afute tu vumbi, anifungie dramu na magurudumu.

Niliporudi gari lilikuwa chini, magurudumu yamefungwa, nati zote zipo (nilihesabu). Seedi alikuwa amesimama kando kama baba wa bwana harusi. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake kivulini, kama hatua kumi kutoka kwetu. Akainua pua.

"Wanangu, leo mnayeyusha mkia wa kondoo bila kuniita?"

Nikamtazama seedi. Seedi akatazama mawingu, na siku hiyo hayakuwepo.

"Seedi," nikamwambia taratibu, "ulipaka nini?"

"Vilikuwa vikavu," akasema. "Vipya kabisa na vikavu. Nikavionea huruma."

Ndiyo mila yao huko malishoni. Kamba mpya, kengele mpya ya mti, viatu vipya, hakuna kinachoanza kazi kabla ya kupakwa mafuta ya mkia. Kukiacha kikavu ni kama kumwalika mgeni na kumnyima maji. Shuu zangu nne zilikuwa zimekaribishwa kwa heshima zote, ndani na nje, na dramu zake pia. Shuu yenye mafuta haikabi kitu. Kombi yangu sasa isingebusu lori la unga, ingelioa.

Ilikuwa saa nane. Saa kumi sajini angekagua magari ya msafara wa kesho. Ili kuosha shuu nilihitaji petroli, na petroli askari waliipima kwa kikombe, ikitosha safari tu. Seedi hakutania tena. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza kama ni mafuta tu. Tukasema ni mafuta tu. Akasema basi hiyo ni kazi ya wanawake, tumletee majivu na maji ya moto, maana miaka yote amekuwa akitoa mafuta kwenye vibuyu vya maziwa na hakuna aliyemwita fundi. Tukavua upya kila kitu. Yeye na mke wangu wakasugua shuu kwa majivu, wakazisuuza, wakasugua tena. Mama mkwe akizinusa moja moja na kurudisha ile isiyomridhisha. Ya tatu ilirudi mara mbili. Kisha zikakaushwa juu ya makaa, nami nikazipiga msasa. Seedi alisugua dramu bila kuinua kichwa, na safari hii hakumhurumia mtu.

Tulifika kwenye mstari wa sajini tukiwa wa mwisho. Alichora mstari mavumbini kwa fimbo, akaniambia nije mbio na nisiuvuke. Nyuma yangu, kando ya mke wangu aliyemsindikiza, mama mkwe alikataa kushuka. Alisema kama haisimami afadhali ajue mapema. Nikakanyaga. Kombi haikufikiri. Ilisimama, ikavuta kushoto kidogo, shibiri moja kabla ya mstari.

Sajini akainama kwenye gurudumu la nyuma, akanusa.

"Mzee, mbona gari lako linanukia nyama?"

"Ni chakula cha njiani, afande."

Akatuonyesha nafasi yetu, nyuma ya lori la unga. Akaongeza kwamba niache hatua ishirini. Niliacha arobaini, hadi Nairobi.

Jumamosi daktari alimpasua jicho moja, na baada ya siku chache bandeji ikatolewa. Mama mkwe alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akamgusa uso, wakalia wote wawili, nami nikajishughulisha na dirisha. Kisha akataka kutoka nje kuona lililomleta. Nikampeleka. Akaizunguka kombi polepole, mlango uliofungwa kwa waya, taa moja, kioo cha nyuma cha kadibodi.

"Alhamdulillahi," akasema, "kwamba nilikuja nikiwa sioni."