Siku lori la kijiji lilipokunywa rubisi ya posa yangu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja humu. Anauliza kwa nini malori ya zamani bado yapo barabarani, "vyuma chakavu vya kutoa moshi tu". Nimecheka peke yangu hadi mama watoto akaja kuona kama niko salama.

Kijana, sikugombezi. Kaa hapa nikueleze. Ni ya kweli yote, na shahidi wangu yuko jikoni anamenya ndizi.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, nami kijana wa huku Muleba. Kijiji chetu kilikuwa na lori moja. Lilianza kazi kabla ya Uhuru, likatufikia likiwa limeshazeeka. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya mgomba. Kuliwasha, unasimama mbele, unazungusha hendeli, kisha unaruka pembeni haraka, maana hendeli hurudisha teke.

Tulimwita Mukaikuru, yaani bibi kizee kwa Kihaya.

Msicheke. Mukaikuru ndiye aliyebeba kahawa yetu kwenda Bukoba, mabati ya shule, wagonjwa, na timu ya mpira ikienda kufungwa Maruku.

Dereva wake alikuwa Ta Kaijage. Kwetu "Ta" ni heshima ya mwanamume mzima, na "Ma" ya mwanamke. Huyu mzee alizungumza na lile lori kwa adabu kama anazungumza na mama mkwe.

Sasa mimi. Nilikuwa nimempata binti wa Kanazi, anaitwa Koku. Na kwa Wahaya, posa haiendi mikono mitupu. Inatangulia rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama, ndani ya vibuyu, mpaka kwa baba wa binti. Bila rubisi, midomo ya wazee haifunguki.

Nilikuwa nimeshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza Mukaikuru aliitwa kubeba mabati. Mara ya pili alikuwa juu ya mawe, magurudumu yametolewa.

Baba yake Koku, Ta Bashaija, akatuma ujumbe: "Jumamosi jua likizama hawajafika, wasije tena. Binti yangu si gunia la kahawa, asubiri lori."

Mwenyekiti wa kijiji akanihurumia. Jumamosi hiyo Mukaikuru anapeleka kahawa Bukoba, basi atushushe Kanazi njiani. Tukapakia vibuyu sita juu ya magunia, vinywa vimezibwa kwa majani ya mgomba. Shangazi yangu, Ma Paulina, akavikumbatia kama mapacha wake.

Tulikwenda vizuri mpaka kilima kirefu cha mwisho kabla ya Kanazi. Hapo nikaona mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria ya matoke.

Kwa wasiojua: injini hupozwa na maji yanayozunguka kutoka kwenye rejeta. Mpira wa rejeta ulikuwa umechanika na maji yote yako barabarani. Ukiendelea hivyo, injini inakufa. Ta Kaijage akaukaza mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akasimama.

"Leta debe la maji ya akiba."

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vinang'aa.

"Waitu, Ta..." nikaanza, kwa lile neno letu la kumnyenyekea mkubwa.

"Debe liko wapi?"

"Asubuhi niliosha viatu. Na miguu."

Akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye vile viatu. "Basi Koku aolewe na viatu. Vyenyewe viko tayari."

Chemchemi ilikuwa chini kabisa bondeni. Kushuka na kupanda, jua lingekuwa limeshazama. Kisha Ta Kaijage akainua macho polepole, akatazama juu ya magunia.

"Usiangalie huku!" shangazi akafoka. "Kaijage, nimesema usiangalie huku!"

"Ma Paulina, bibi ana kiu."

"Afe nayo! Nimekesha na hii pombe siku tatu!"

Wakuu, wote wawili wakanigeukia mimi. Tukimwaga, tunafika na aibu. Tusipomwaga, tunakaa pale na pombe yetu mpaka giza, na Koku anakwenda kwa mwingine.

Nikasema, "Shangazi, naomba kibuyu kimoja."

Akavua kitambaa cha kichwa, akanirushia. "Basi ichujeni vizuri, asije akapaliwa na mtama!"

Tuliacha injini ipoe kwanza, maana kitu cha baridi kwenye chuma cha moto hupasua. Kisha tukamimina. Kibuyu cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne ndipo rejeta ikajaa.

Nikazungusha hendeli. Mukaikuru akakohoa, akatetemeka, akaunguruma!

Alipanda kile kilima akitoa povu kwenye kifuniko cha rejeta, na harufu ya ndizi zilizoiva imejaa barabara nzima. Watu wakatoka mashambani. Wazee watatu walitufuata kwa miguu wakinusa, wakiuliza, "Arusi ya nani hiyo?" Shangazi alianza kwa kulia, akamalizia kwa kuimba.

Tulifika jua likiwa limegusa ncha za migomba. Ta Bashaija yuko uani na wazee wenzake.

"Vibuyu viwili?" akauliza. "Ujumbe wenu ulisema sita."

Shangazi akajibu, "Vinne vimekuja na gari, waitu."

"Viko wapi?"

"Ndani ya gari. Ndani kabisa."

Ta Kaijage akaeleza kila kitu, hata viatu. Koku alikuwa dirishani, kaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

Ta Bashaija akalizunguka lori. Akainama kwenye rejeta, akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mtu anayeona mzigo wake bora kuliko aliyeubeba, simpi binti," alisema. "Huyu bibi amebeba, amekunywa. Vibuyu ni sita."

Kisha akachukua kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni, akaweka punje tatu juu ya boneti. Wazee wakapiga makofi.

Kesho yake tulimwosha Mukaikuru tumbo kwa maji mara tatu, kahawa ikafika Bukoba. Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hospitali kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka mama yake.

Ninachokuomba, kijana: kabla hujaliita lori la zamani chakavu, uliza limebeba nini na limekula nini njiani. Na debe la akiba lisiguswe, hata kama viatu vina vumbi.

Wenye wazee wao wa barabarani, semeni tuwasikie. Nikichelewa kujibu mnisamehe. Shahidi ameniita mezani, anasema nami nikikaa muda mrefu bila kumiminiwa kitu huwa natoa mvuke.