Kamba Mbili za Darasa la Chaani

Juzi nilipita Chaani. Palipokuwa na darasa letu la mabati sasa ni yadi ya malori, na dizeli imefuta ile harufu ya mihogo ya kukaanga tuliyoikimbilia saa nne.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alifunga kamba mbili ukutani. Kila Ijumaa tuliandika sentensi moja ya kweli kwenye kipande cha katoni, tukaitundika. Wengi huyachanganya maneno “hope” na “wish”, ndugu yangu, usione haya. Ngoja nikueleze alivyotueleza. Kamba ya dirishani ilikuwa ya “hope”, tumaini la jambo ambalo bado laweza kuwa. Kitenzi kinachofuata hubaki wakati uliopo au ujao. Ya pili ilikuwa ya “wish”, tamanio la jambo lisilokuwapo. Hapo kitenzi hurudi wakati uliopita, hata kama unasema ya leo. Jambo likitimia ulirudishiwa katoni yako. Likishindikana, mwalimu aliihamishia kamba ya pili, nawe ukaisahihisha.

Yangu ilisema: “I hope my mother comes home,” natumaini mama atarudi nyumbani. Mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na simu zikakoma nikiwa darasa la tano. Bibi yangu aliendelea kumfunikia sahani kila jioni, sima na mboga ya mchunga, nami nikaila asubuhi imepoa. Katoni ikapauka kwa jua. Wenzangu walinitania kwamba mwalimu ameisahau, lakini kila Ijumaa aliipangusa vumbi, akaiacha palepale.

Siku moja bibi akaja darasani, unga bado mikononi. Mwalimu akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Bibi hakujua kusoma, ila habari za kamba nilikuwa nimemsimulia.

“Ipi ya mjukuu wangu?”

Mwalimu akamwonyesha.

“Na kamba ya wasiorudi?”

“Bibi, tungoje muhula uishe.”

“Huyu hachezi tena, mwalimu. Kila basi likisimama barabarani, yeye mbio. Mie nimeshachoka kumdanganya kwa sahani.”

Mwalimu hakuinua mkono kuihamisha katoni. Bibi akaifungua katoni mwenyewe, akaifunga upande wa pili. Nilipewa kalamu nisahihishe, sikuandika kitu. Jioni ile sahani zilikuwa mbili tu.

Leo nami nafundisha maneno hayo mawili, na wanafunzi wangu huyaelewa upesi. Bibi tumeshamzika. Mama hana kaburi ninalolijua.

Mlinzi wa yadi aliniuliza natafuta nini pale. Nikamwambia, sitafuti kitu.