Tembo Alipita Komanda, Yeye Hakupita

Mwenye saluni iliyo karibu na soko alinipigia simu Jumanne asubuhi. "Mama wa okapi ametuacha," akasema. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Kwa msomaji asiyeijua Bunia, mji wetu mkoani Ituri, huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyejaza kuta za saluni na baa zetu michoro ya wanyama wa msitu waliovaa kama vijana wa enzi za santuri. Okapi ameketi chini ya mashine ya kukaushia nywele, miwani nyeusi machoni. Viboko wanacheza rumba kwa viatu vya soli nene. Sokwe ana redio ya kaseti begani. Na tembo yumo ndani ya zile suruali pana ambazo kwa Kifaransa ziliitwa miguu ya tembo. Watu walisimama njiani wakacheka. Nami nilicheka muda mrefu kabla ya kuelewa.

Alizaliwa upande wa Mambasa, ambako kaka yake aliendesha baa pembezoni mwa msitu. Usiku wa utoto wake ulikuwa na gitaa upande mmoja na sauti za wanyama upande mwingine. Alikuja Bunia kwa harusi ya binamu, na begi dogo tu, na barabara ikafungwa nyuma yake: watu wenye silaha walichoma magari, wakaua abiria. Akasema atangoja itulie. Alipanga chumba, akanunua sufuria, akaanza kuchora kwa rangi za nyumba. Miaka ikapita, naye bado alikuwa akisema anangoja.

Mama yake alipougua, hakungoja tena. Alipanda lori lenye shehena ya chumvi na sabuni, lakini Komanda, mji mdogo wa njiani, wanajeshi waliwashusha abiria wote. "Mama, bidhaa tu ndiyo inapita," dereva alimwambia. "Watu hapana." Msafara wa magari yanayosindikizwa na wanajeshi ulikuwa bado haujapangwa na lori lilikuwa likingoja, kwa hiyo alitoa brashi zake, akaomba ruhusa, akamchora tembo wake kwenye mlango wa nyuma wa lori. Kisha lori likaondoka, naye akarudi Bunia. Baadaye mdogo wake alimpigia simu kutoka nyumbani, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, lori ya tembo imepita hapa. Tulimutosha mama inje, ameiona. Amecheka mpaka akakohoa." Mama huyo alifariki kabla barabara haijafunguka. Mchoraji alinisimulia hayo akiosha brashi, bila kuinua macho. "Tembo amefika," akasema. "Miye niko hapa."

Kuna mgeni wa shirika fulani la misaada aliyetaka kupeleka kazi za mchoraji huyu kwenye maonyesho ya ng'ambo, mradi tu achore vita: bunduki, nyumba zinazoungua, watoto wanaolia. Ilikuwa nafasi ya kutoka, na sote tulimsihi akubali. Alimjibu kwa upole: "Monsieur, vita iko mulangoni. Mule ndani, niache nichore pahali kwenye nataka kwenda." Mgeni akaondoka mikono mitupu. Wengine tulimwona mkaidi.

Siku hizi nauangalia mji wetu kwa jicho jingine. Wenye uwezo hupanda ndege, wanaitazama Ituri kutoka juu, wakirudi wanatuletea mikate. Sisi wengine tunaizungumzia barabara kama tunavyozungumzia mvua: leo imefunga, kesho labda. Tumezoea kiasi kwamba aliyekwama miaka mingi tunamwita mwenyeji, tunampa kiti harusini, tunamwomba atuchoree ukuta.

Tulimzika hapa hapa. Mdogo wake hakuweza kuja, kwa hiyo niliinua simu juu ya kaburi ili asikie nyimbo. Zilipokwisha akauliza, "Yaya amelala kwa watu, ao kwake?" Mtandao ukakatika hapo hapo. Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Mtu anayekaa mahali kwa kukosa njia hajahamia, hata akiwa na sufuria zake na marafiki na kicheko cha mji mzima. Amezuiliwa, na inatupasa kulisema neno hilo mbele yake angali hai.