Tatu na Kizibo cha Ndiva

Ukimuuliza mtu yeyote wa Kwembuzi, huku juu ya Mlola, ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa ya nani, atakujibu ilikuwa ya wote. Huo ni uongo wa heshima. Ndiva ilikuwa ya Mzee Ramadhani Shechambo. Ni kweli kwamba tuta lile la udongo lililoziba bonde lilijengwa na babu zetu sote, na kila lilipovuja tulibeba tope sote. Nyuma ya tuta maji ya kijito yalikusanyika usiku kucha, na asubuhi yalifunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi kwenye kabichi na maharage yetu. Lakini aliyeyafungua na kuyafunga alikuwa mmoja tu, kama baba yake kabla yake.

Kizibo kilikuwa gogo fupi nene, limeviringishwa majani makavu ya mgomba na kukandikwa udongo mfinyanzi. Kilifungwa kwenye mti mrefu uliofika juu ya tuta. Jioni mzee alikishindilia kwenye tundu, asubuhi akakivuta. Kukivuta kulikuwa na namna yake. Ukivuta kwa pupa hakitoki. Unakizungusha kwanza, unasikiliza, ndipo unavuta. Binti yake Tatu alilijua hilo kwa sababu tangu utotoni alimpelekea uji pale juu ya tuta na kusimama akimtazama.

Kaka yake, Issa, ndiye aliyetarajiwa kurithi kizibo. Issa aliteremkia mashamba ya mkonge upande wa Magoma. Mwaka wa kwanza alituma salamu, baadaye akanyamaza, na hadi leo hatujui kama yu hai. Tatu aliolewa, akakaa bila mtoto, mume akamrudisha kwao na kasha lake kama mtu anayerudisha sufuria la kuazima. Wala hakuona haya, yule bwana. Tatu hakulia mbele ya watu. Alishika jembe, akalima, na siku moja akamwambia baba yake amfundishe kazi ya ndiva.

"Kizibo hakishikwi na mwanamke," mzee akamjibu. "Maji yanakimbia."

Nani alisema hivyo kwanza, hakuna anayejua. Mimi, mke wa Kornelio, jirani yao wa kupakana mgomba kwa mgomba, nimebeba tope la kuziba tuta lile nikiwa na mimba ya miezi minane, na sikuona maji yakikimbia. Lakini nani angemwambia Mzee Ramadhani? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa kitu kimoja tu maishani akiambiwa akitunze vilevile alivyokikuta.

Halima, mama yake Tatu, alifariki miaka michache baada ya Azimio la Arusha, mwanzoni mwa vuli. Aliugua kifua muda mrefu. Jioni ile mzee alikwenda kufunga ndiva kama kawaida, na aliporudi akakuta wanawake wamejaa mlangoni. Kesho yake tulimzika Halima katika migomba yao, bondeni chini ya tuta, pale walipolala wazazi wa mzee.

Huku kwetu, Mwislamu kwa Mkristo, matanga ni matanga. Kaburi likishafukiwa, majembe ya majirani wote yanalazwa, na hakuna anayegusa ardhi mpaka siku ya tatu matanga yaanuliwe. Na kizibo nacho hakikuguswa. Kumfungulia mwenye kizibo ndiva yake naye yu hai ilikuwa sawa na kumzika yeye. Kwa hiyo ndiva ilibaki imefungwa tangu jioni ile, na kijito hakikujua kuna msiba. Kiliendelea kuingia.

Halafu mvua ikanyesha, tena ile ya kumwaga. Pembeni mwa tuta palikuwa na mfereji wa kupunguzia maji yakizidi, lakini ulikuwa umejaa magugu na udongo. Zamani tuliusafisha kwenye msaragambo, siku ya watu wote kutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Tangu lilipoanzishwa shamba la ujamaa, msaragambo ulikuwa wa shamba la ujamaa. Sisemi lilikuwa shamba baya. Nasema mfereji haukusafishwa.

Siku ya pili ya matanga Tatu alipanda kwenye tuta, akashuka mbiombio. Wanaume walikuwa wameketi nje chini ya turubai. Alipiga magoti mbele ya baba yake, nguo zikimdondoka maji.

"Tate, yamebakiza shubiri moja. Yakipita juu, tuta litakatika."

Mzee hakuinua macho. "Mama yako hajamaliza siku zake."

"Sitashika jembe, tate. Nitavuta kizibo tu. Najua kukizungusha. Nimekutazama miaka yote."

"Nimeshakwambia habari ya mwanamke na kizibo. Unataka niirudie leo, mbele ya watu, mama yako akiwa kaburini?"

Mume wangu Kornelio, aliyekuwa mwenyekiti wetu, alikohoa. "Mzee Ramadhani, msiba ni wako na ndiva ni yako," alisema. "Ukitamka neno, twende wewe na mimi, au aende binti. Usipotamka, hakuna atakayenyanyuka hapa."

"Kesho tukianua, nitakwenda mwenyewe," akasema mzee.

Ikawa basi. Kulikuwa na wanaume wazima wasiopungua ishirini chini ya turubai lile, na kila mmoja alikuwa na shamba chini ya tuta. Walitazama miguu yao. Sisi wanawake ndani tulisikia kila neno, na nasi tukakaa kimya. Wapo vijana wa leo wanaosema Tatu angekwenda tu. Hao hawakuzaliwa na Mzee Ramadhani. Tatu alinyanyuka, akapita jikoni, akaendelea kuchambua mchele wa hitima.

Tuta lilikatika siku ya tatu, alasiri, wakati kisomo kinaanza. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni radi. Kisha tukaona bonde zima linakwenda. Hakufa mtu, kwa kuwa watu wote walikuwa matangani, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Mashamba yalikwenda, mbuzi wetu wawili walikwenda, na migomba ya Shechambo iling'oka na kuondoka na udongo wake.

Siku ile majembe yalishikwa bila mtu kuuliza kama matanga yameanuliwa. Tulimzika Halima mara ya pili, juu mlimani, penye ardhi kavu. Nimeona mengi, lakini sijaona kitu cha kuumiza kama Tatu akishuka lile bonde la tope, akitafuta sanda ya mama yake, na baba yake amesimama kando na mikono imening'inia, hana wa kumwamrisha.

Hakuna aliyemlaumu mzee. Ndivyo tulivyo, tulimpa pole na kumletea ndizi. Lakini Tatu hakutaka pole wala ndizi. Alitaka baba yake amwambie neno moja tu, kwamba alipaswa kumwacha aende. Aliniambia mwenyewe tukiteka maji. "Mama Timotheo, simdai kitu kingine. Aseme tu mkono wangu haukuwa na kosa." Mzee hakusema. Tatu alimpikia, akamfulia, akampelekea maji ya kutawadha, na kila siku alingoja.

Ndiva haikujengwa tena. Kila tulipopanga kuanza, palikuwa na kazi nyingine ya kijiji. Baadaye tukahamishwa tukateremshwa karibu na barabara, tukaambiwa kuna bomba linakuja. Bomba lilikuja kweli, la kunywa. Kabichi za kiangazi tukaziaga.

Huko barabarani Mzee Ramadhani alianza kupotea. Alimwita Tatu kwa jina la Halima, aliulizia Issa kama mtu aliyetoka asubuhi ileile. Siku moja kulipopambazuka nilikuwa nimepita kuwajulia hali. Mzee alikuwa ameketi kitandani, macho makavu, akili imetulia kabisa usoni.

"Tatu," akaita, na jina hakulikosea. "Leo miguu imekataa. Nenda wewe ukafungue maji. Uzungushe kwanza."

Tatu alisimama pale na kikombe cha uji mkononi. Nilidhani atamkumbusha kwamba hakuna ndiva tena. Aliweka kikombe chini. "Haya, tate," akasema, akatoka. Nilimfuata, nikiogopa atajidhuru.

Tulipanda hadi Kwembuzi. Tuta lilikuwa limekatika katikati, lakini upande wa tundu ulikuwa umesimama, na mti mrefu bado umechomoza katikati ya nyasi. Kizibo kilikuwa palepale, kimeziba vizuri kama kilivyoachwa jioni ile. Tatu alivua kandambili. Alishika mti kwa mikono yote miwili, akazungusha, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akavuta. Kilitoka mara moja, na vumbi kidogo. Hata nguvu hakutumia.

Tuliporudi mzee alikuwa macho, anangoja.

"Umefungua?"

"Nimefungua, tate."

"Yamefika mashambani?"

"Yamefika."

Mzee aliuchukua mkono wake, akaugeuza, akakitazama kiganja kwa muda mrefu. "Kumbe mkono wako hauna neno," akasema. Kisha akaomba uji.

Tatu alimnywesha mpaka kikombe kikaisha, akamfuta mdomo, akamlaza. Ndipo alipotoka, akakaa chini nyuma ya jiko, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakidhani mzee amefariki.