Mashine Iliyouliza Saa

Diploma sina. Masomo yangu ya kompyuta yalikatika mwaka wa pili, vita vilipofanya safari ya chuoni iwe ya kubahatisha, na tangu hapo nilikuwa nauza vitambaa kwa mzee mmoja Mwarabu, mtaa wa Rohero. Familia yake ilitoka Omani enzi za babu yake. Yeye mwenyewe alizaliwa Bujumbura na bahari hakuwahi kuiona. Mimi nilikuwa msichana wa Musaga, mtaa wa kusini mwa mji, Mkatoliki, mwenye ulimi mkali. Tulielewana kwa sababu yeye alikuwa mpole, na mimi nilifika mapema kila siku ambayo wanajeshi waliwahi kufungua barabara ya kusini.

Chumba cha nyuma cha duka kilikuwa na kompyuta, aliyoiacha mwanawe mkubwa alipohamia Maskati na wadogo zake. Niliitumia kuandika vibandiko vya majora: rangi, upana, mita zilizobaki. Programu yenyewe ilikuwa ya bure, kazi ya wale watu wanaouacha msimbo wao wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha. Siku moja nikaona jora lenye mita 12,5 limeandikiwa mita 12. Programu ilijua nukta tu. Mkato wetu, tuliofundishwa shuleni na walimu wa Kifaransa, iliuona kuwa mwisho wa namba, ikaitupa nusu mita yangu kama uzi uliokatika. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Watu wa mbali, na akili zao zote, walidhani dunia nzima inaandika namba kama wao! Nikausoma msimbo alasiri kwa alasiri, mpaka nikapata pa kurekebisha. Ilikuwa mistari sita.

Wakati huohuo ofisi moja ya kompyuta, mitaa miwili kutoka dukani, ilikuwa inatafuta mtu. Mama aliyeiongoza alizipitia karatasi zangu. Hakunicheka, wala hakunionea huruma.

"Diplôme hauna," alisema. "Uniletee kitu ulifanya, chenye watu hawakujui wamekubali. Nakungoja lundi."

Yaani Jumatatu. Nilikuwa na wiki moja kamili, na sikuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Nilimwandikia mtunzaji wa ile programu, mtu wa nchi ya mbali ambaye sikumjua hata sura. Alijibu kwa adabu. Toleo jipya lilikuwa linafungwa Jumamosi, na marekebisho yangu yangeingia kwa sharti moja: niyaendeshe majaribio ya programu kwenye mashine yangu mara mbili katika siku moja, kwanza bila marekebisho, kisha pamoja nayo, nimtumie matokeo yote mawili. Majaribio hayo ni vijiprogramu vinavyoiuliza programu kubwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Moja nilikuwa nimeliandika mwenyewe, la ule mkato. Bila mistari yangu sita lilipaswa kushindwa, na pamoja nayo lifaulu.

Jumatatu na Jumanne niliziteketeza katika kuandaa mashine. Mzee alinipa nusu ya diski bila kuuliza ni ya nini. Mfumo wa Linux niliuweka kutoka kwenye CD za kuazima kwa mtu niliyesoma naye. Kila hatua mashine ilidai kitu ambacho sikuwa nacho, na kila nilichokipata kilidai kingine. Nilikuwa nikikimbia mkahawa wa intaneti na kurudi na disketi mfukoni, kumi na moja kwa jumla, na ya saba ilipokataa kusomeka nilikaa chini sakafuni nikalia kidogo. Kisha nikarudi kuichukua upya.

Kulikuwa na kero nyingine. Ile betri ndogo ya ndani, inayoitunzia kompyuta saa hata umeme ukizimwa, ilikuwa imekufa. Mtaa wetu ulikatiwa umeme kila siku kuanzia saa sita hadi saa nane, na kila uliporudi mashine iliamka haijui lolote, ikauliza saa na tarehe, na bila jibu haikuendelea. Asubuhi niliijibu mimi. Mchana, kwa kuwa mzee aliishi nyuma ya duka na mimi nilikuwa nimekwenda kula, nilimfundisha yeye: umeme ukirudi, bonyeza hapa, halafu andika saa. Alijifunza kazi hiyo kwa furaha ambayo sikuielewa. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wote wako Maskati, na sasa aliwasimulia wateja kwamba ana mashine isiyoamka mpaka imuulize yeye. Nilicheka, bila ubaya.

Jumatano asubuhi niliujenga msimbo, yaani niliugeuza kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Kwenye mashine ile kuukuu kazi hiyo ilikula saa mbili na nusu. Jaribio langu lilishindwa, sawa kama lilivyopaswa. Baada ya chakula nikaingiza mistari yangu sita, nikaamuru mashine ijenge tena pale palipobadilika, nikaendesha majaribio. Likashindwa vilevile. Niliisoma mistari yangu mpaka macho yakauma. Haikuwa na kosa.

Alhamisi nilifuta kila kitu, nikaanza upya. Asubuhi likashindwa kama ilivyotakiwa, alasiri likashindwa tena. Mama yangu hakuwa amelala usiku ule kwa sababu ya mizinga upande wa Kanyosha, nami sikuwa nimelala kwa sababu yake, na hapo uvumilivu ukaniishia. Nikatoka dukani nikamwambia mzee, mbele ya mteja, kwamba kuna mtu anaichezea kazi yangu mchana nikiwa sipo.

"Mi sigusi kitu," alisema. "Mi nakuwashiaka tu mashine, ili usipoteze wakati."

Nikamjibu kwamba basi kama si mtu ni shetani, na mashine yake ni takataka. Aliendelea kukunja kitambaa cha yule mteja, akakikunja vizuri, kona kwa kona. Nilipanda basi la Musaga nikiwa na hasira, na nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha na aibu imekaa mahali pake.

Ijumaa asubuhi nilifuta na kujenga tena bila mistari yangu, kwa sababu sikuwa na la kufanya jingine; jaribio likashindwa kama ilivyotakiwa. Saa sita umeme ukaondoka, mzee akaenda msikitini. Sikwenda kula. Nilikaa gizani chumba cha nyuma, nimeegemea majora, nikipanga maneno ya kumwomba radhi na mengine ya kumwambia yule mama wa ofisini. Nilishakubali moyoni kwamba nimeshindwa.

Umeme ukarudi. Mzee akaingia na kanzu yake ya Ijumaa, asinione. Nilidhani baada ya matusi ya jana asingejali tena kuniwashia. Alivaa miwani, akabonyeza nilipomfundisha, akainama karibu na kioo, na kwa kidole kimoja, polepole, akaandika tarehe, halafu 08:00.

Niliitazama saa yangu ya mkononi. Mshale ulikuwa kwenye mbili.

"Muzee," nilimwambia, "hapo umeandika nini?"

Alishtuka kidogo, akageuka. "Saa. Sasa iko saa nane, si ndiyo?"

Ilikuwa saa nane. Kwetu Warundi pia, nyumbani na sokoni, ilikuwa saa nane. Mimi tu, kila nilipokaa mbele ya kibodi, nilihesabu kama shuleni, kwa Kifaransa, kuanzia usiku wa manane, bila kujijua. Asubuhi niliiambia mashine ni 09:00, tukajenga mpaka 11:30; mchana mzee akaja akairudisha 08:00. Na chombo kinachojenga programu hakijengi upya ovyo. Hutazama saa iliyo kwenye kila faili, na kikiona msimbo ni wa zamani kuliko kilichojengwa kutokana nao, hukiacha kama kilivyo. Msimbo niliourekebisha alasiri ulionekana mzee kuliko kazi ya asubuhi. Mistari yangu sita haikuwahi kuingia hata mara moja. Mashine ilikuwa imenionya kuhusu saa, mstari mmoja katikati ya mamia, nami niliupita kwa haraka zangu.

Mimi niliyewatukana watu wa mbali kwa kudhani namba huandikwa namna moja, nilikuwa nimemwambia mtu andika saa, na sikujiuliza hata kidogo ni saa ya nani. Yeye alifanya nilichomwomba, kila siku, hata siku niliyomvunjia heshima.

Nilimwomba radhi. Alisema yale ya jana ameshayasahau. Kuhusu saa sikumwambia neno. Nilingoja atoke, nikairekebisha, nikaingiza mistari yangu sita, nikaamuru ijenge. Mara hii mashine ilinguruma. Majaribio yakaanza kupita moja baada ya jingine, na la mkato likapita katikati yao, bila sherehe. Nikayanakili matokeo yote mawili. Saa kumi nilikuwa mkahawani na disketi yangu, na kabla barabara haijafungwa nilikuwa Musaga.

Jumatatu jibu lilikuwepo, mistari miwili: kwao pia limefaulu, marekebisho yameingia. Nikalichapisha, nikalipeleka ofisini. Yule mama alilisoma mara mbili, akanionyesha meza yangu.

Mshahara wa kwanza ulipotoka nilinunua betri mpya ya saa, ile ndogo ya duara. Nilitaka kumshukuru mzee kwa kitu kitakachobaki. Nikaenda dukani mchana, umeme haujarudi bado, nikaifungua mashine, nikaitia, na uliporudi nikaiwekea saa sahihi. Kisha nikaizima na kuiwasha mbele yake ili aone. Haikusita. Ilipita moja kwa moja.

Mzee alikuwa ameshavaa miwani.

"Imejua yenyewe?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, imejua.

Aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaikunja. "Basi haitaniulizaka tena," alisema. Alisema taratibu, bila kulalamika, kama mtu anayeambiwa mgeni wake hatakuja.

Iliniuma. Katika nyumba ile nzima hakukuwa na mwingine wa kumuuliza kitu. Nikamwambia angoje kidogo, naona betri haikai vizuri. Nikaizima mashine, nikaifungua tena, nikaitoa betri, nikaitia mfukoni. Nikamwambia si saizi yake, wamenidanganya dukani.

Nikaiwasha. Kioo cheusi kikauliza saa. Mzee akarudisha miwani usoni, akainama, akaandika 08:10, na mimi nikamwacha.