Nani Alifagia Uwanja

Mume wangu aliuawa msimu wa kupura alizeti, na siku zote za matanga nilikaa juu ya godoro chini ya dirisha, nikiwasikiliza wanaume wakijadili kama ni mimi niliyemuua.

Sisemi hivi kwa uchungu. Uchungu ulikuja baadaye sana, na ulipokuja nao wakaujadili. Wakati ule sikuwa na kitu. Watu waliingia, wakalia, wakanikumbatia, wakatoka, na mimi nilikuwa naangalia tu kanga zao, hii ya bluu, hii imechanika pindo. Mtu akiniuliza kama nimekula nasema nimekula, na sikumbuki kama nilikula.

Nyumba yetu pale Ulemo ina dirisha upande wa mashariki, na jua likishavuka paa huko ndiko kunakokuwa na kivuli. Kwa hiyo benchi la wanaume likawekwa hapo. Waliokuwa hodari wa kesi walikuwa wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya kijiji pamoja na mume wangu, na ambaye tangu astaafu hakupata darasa lingine la kumsikiliza. Wa pili ni mwenye mashine ya kukamua alizeti. Huyu ameishi miaka mingi akipiga kelele kushindana na mashine yake, na kunong'ona hajui. Ndiyo maana nilisikia yote.

"Tuanze na uwanja," mwalimu alisema. "Tumefika hapa asubuhi, uwanja umefagiwa. Hakuna hata unyayo wa kuku."

"Hata wa kuku!" akaitikia mwenye mashine.

"Sasa mtu ambaye hajui kama mumewe ameuawa, anafagia kwa nini?"

Mwenye mashine alifikiri kidogo. "Mke wangu mimi anafagia kila siku, mwalimu."

"Mke wako mumewe yuko hai."

Wote wakatikisa vichwa kukubali, kama vile hilo lilikuwa jibu.

"Haya, njoo kwenye chakula," mwalimu akaendelea. "Yeye kasema alimwekea marehemu ugali, akaufunika, akalala. Mimi mwenyewe nimekwenda kuangalia kwenye kichanja cha vyombo. Sahani imeoshwa, imepinduliwa. Ugali uko wapi? Umeliwa na nani?"

"Na marehemu."

"Basi marehemu alirudi nyumbani."

"Duh!" alisema mwenye mashine, na hata mimi mle ndani nilikaribia kusema duh. Ilipangika vizuri mno.

Nieleze ilivyokuwa. Siku ile tulipura alizeti tangu asubuhi. Alasiri mume wangu akaacha kupura, akakanyaga udongo kwa miguu ili akandike banda la kuku, maana upepo ulikuwa unapita kwenye nyufa. Alikandika nusu ya ukuta. Jua lilipozama akafungia kuku, akanawa miguu, akavaa makatambuga yake ya tairi. Simu yake ikaita. Akasema, "Narudi sasa hivi," akaenda. Nikamwekea ugali wa mtama na mlenda, nikaufunika, nikajilaza nimsubiri, na usingizi ukanichukua. Mwili uliopura alizeti kutwa hausubiri mtu. Alfajiri wakapita watu waliokuwa wanawahi foleni kwenye mashine, wakamkuta kando ya shamba la mtama, kapigwa kichwani. Simu haikuwepo.

Wa kwanza kufika kwangu alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye nyumba yake inapakana na yetu. Alilia mara moja, kwa nguvu, halafu akajifunga kanga kiunoni na kushika fagio. Nilimwona. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimeshakalishwa chini. Alifagia uwanja wote, mbele na nyuma, ili watu wakija wapate pa kutandika mikeka. Kisha akachukua ule ugali, akawamwagia kuku, akaosha sahani.

Kwetu mfiwa hashiki fagio wala chombo. Mwanamke anayetangulia kufika kwenye msiba haulizi, anafanya. Hakuna mwanamke Iramba nzima asiyelijua hilo. Wanaume ndio hawalijui. Kwao uwanja hujifagia wenyewe, na sahani huenda kichanjani kwa miguu yake.

Na mwalimu naye alikuwa na lake. Alilisimulia pale pale kwenye benchi, tena kwa sauti ya kuridhika: alipofika kule shambani aliwaamuru vijana wakwangue udongo wote wenye damu, waufukie, na wasawazishe pale pote kwa mabua ya mtama, watoto wasije wakaona. Ilikuwa heshima, sikatai. Mpelelezi alipofika kutoka wilayani alikuta mabua. Hakuna aliyeuliza swali juu ya mabua.

Jambo lililowasumbua zaidi kuliko sahani lilikuwa macho yangu. Wanawake wote wa kijiji walikuja wakilia tangu barabarani, na mimi mwenye msiba nilikuwa mkavu. "Mimi nimezika watu wengi," mwalimu alisema, "sijaona mjane wa namna hii." Wakakubaliana kwamba makaburini watatazama mkono wangu. Mjane ndiye anayeanza kutupa udongo, na mwenye hatia, walisema, mkono hutetemeka.

Basi nilikwenda makaburini nikijua kwamba mkono wangu unatazamwa. Mchungaji akaomba. Nikainama, nikachota udongo, nikautupa. Haukutetemeka. Jioni nikasikia uamuzi kupitia dirishani: mkono haukutetemeka hata kidogo, kwa hiyo huyu mwanamke ana roho ya jiwe, anaweza lolote. Nakumbuka niliwaza tu kwamba godoro lile lina kunguni.

Matanga yalipokwisha, yale ya benchi yalikuwa yameshafika kwa mama mkwe. Siku zile watoto wetu wawili walikuwa kwake ng'ambo ya korongo. Aliniita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akazungumza Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Watoto hawatalala nyumba moja nami mpaka neno hili liishe. Nikasema, "Sawa, mama." Nikarudi nyumbani peke yangu. Nilikuwa nimekatwa mikono na nikasema sawa.

Yalifika pia kwa mpelelezi. Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza kwa upole nani alifagia uwanja.

"Wanawake."

"Wanawake gani?"

Nilinyamaza. Kila mtu kijijini alijua kwamba wifi na mume wangu hawakuwa wanaelewana juu ya shamba la baba yao. Ningetaja jina lake, kile kiti kingekuwa chake siku hiyo hiyo. Sitaki nionekane mwema. Nilikuwa nimechoka tu, na kumkalisha mtu mwingine pale kulihitaji nguvu ambayo sikuwa nayo. Aliniuliza tena, nikanyamaza tena, akaniambia niende na nisisafiri bila kutoa taarifa. Nisafiri niende wapi?

Miezi ikapita hivyo. Nilifuga kuku, nilifagia, nilipika chakula kidogo mno. Jumapili niliwaona watoto kanisani, upande wa pili, wamekaa kando ya bibi yao wakiwa wamepakwa mafuta vizuri. Mdogo alikuwa ananipungia mkono chini ya benchi, na mimi nampungia, kisha tunatazama mbele. Wifi alipita kwangu mara kwa mara na chumvi au kibiriti, anakaa kidogo, anaangalia chini, anaondoka. Nilijua anaangalia ule uwanja aliofagia.

Mvua zilipokaribia akaja asubuhi moja na ndoo ya maji kichwani. "Wifi," akasema, "huu ukuta wa kuku utaanguka. Tuumalizie."

Udongo wa mume wangu ulikuwa bado pale pale nyuma ya banda, chini ya paa, amezungushia miiba kuku wasiuchakure. Hakuna fagio lililofika huko. Mwalimu naye alitafuta nyayo kila mahali isipokuwa hapo, maana ule ulikuwa udongo tu. Tukaondoa miiba. Nyayo zake zilikuwa zimekauka ndani ya udongo, nyingi, zimepandana, na moja iko peke yake pembeni, wazi kabisa, mpaka kile kidole gumba kilichopinda.

Wifi alisimama na ndoo. "Nimwage?"

Udongo mkavu haukandiki ukuta. Nikamwambia amwage.

Maji yakaingia kwenye ule unyayo kwanza, yakatulia humo kama kwenye bakuli. Nikavua kandambili, nikaweka mguu wangu ndani yake. Ulikuwa mkubwa kwangu, maji yalikuwa ya baridi, na ukingo wake ukaanza kulainika na kumomonyoka kuzunguka vidole vyangu. Ndipo nilipolia. Sikulia kama mtu mzima. Nilipiga kelele ambayo ilitoa kuku wote bandani, na watu waliokuwa barabarani wakaja mpaka kwenye uzio kuuliza kuna nini. Wifi alinishika mabega kwa mikono yenye tope. "Nilifagia mimi," alikuwa anasema sikioni mwangu. "Nilifagia mimi, na sahani niliosha mimi."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuona."

Tulimaliza ukuta siku hiyo hiyo.

Kesho yake tukaenda na magunia yetu kukamua alizeti. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wamekaa juu ya magunia, na kwenye kivuli cha lundo la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, alikuwepo mwalimu na kiti chake, kama kila siku. Mwenye mashine hakutuona tulipofika. Alikuwa anapaza sauti juu ya mngurumo.

"Miezi yote hiyo hata chozi! Sasa ndiyo analia?"

"Dhamiri," mwalimu akasema. "Dhamiri imeanza kumsuta. Nilisema mimi."

Wifi akatua gunia lake chini. Akaenda mpaka mbele ya kile kiti, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Ule uwanja nilifagia mimi. Ule ugali niliwapa kuku, sahani nikaosha. Yeye alikuwa amekaa chini, hajagusa kitu. Kama ni kosa, ni langu."

Mwenye mashine alizima mashine. Wanawake kwenye foleni wakatazamana, na mmoja akasema, "Na nyuma ya jiko nilifagia mimi." Mwingine akasema vijiko aliosha yeye. Walisema hivyo kama watu wanaotaja zamu zao, bila hasira.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwenye shati. Nilimwona anafikiri. Nilimwona anampima wifi yangu kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Ehe," akasema. "Na ulifagia saa ngapi?"

Ndipo nikaelewa kwamba hataacha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nafasi moja ya mtu mwenye hatia, na ikiwa wazi hapati usingizi mpaka aijaze. Na safari hii alikuwa ameanza na mwanamke aliyekuja kwangu kabla ya watu wote. Nikajikuta nimesimama kando ya wifi.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba, shemeji."

"Kule shambani, pale alipokuwa amelala mume wangu. Pale nani alifagia?"

Akamtazama mwenye mashine, na mwenye mashine akatazama mkanda wa mashine yake. Nikasubiri. Nilitaka ajibu, kweli nilitaka, kwa sababu aliyemuua mume wangu alipita pale, na hata leo hii sijui ni nani, na wala hakuna anayejua. Mwalimu alivaa miwani polepole. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi sikusema kitu juu ya mikono yake.

"Tulitaka watoto wasione," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Najua," nikasema. "Asante."

Mashine ikawashwa. Tulikamuliwa alizeti zamu yetu ilipofika, tukajitwisha madumu, tukaondoka. Tulipofika njia panda, ile inayokwenda kwa mama yake, wifi akasimama.

"Mimi napita huku," akasema. "Nakwenda kumwambia mama. Kesho asubuhi nitakuletea watoto."

Usiku ule sikulala vizuri, lakini sikuwa na ile ganzi. Niliamka kungali na baridi, nikafagia uwanja wote, mbele na nyuma mpaka kwenye banda la kuku, ili wakifika nizione nyayo zao.