Mjerumani na Mwingereza katika Shamba la Babu

Mti wa mnyaa ukikatwa hutoa maziwa meupe yenye harufu kali, mbichi, ya kukwaruza koo. Kidole chenye maziwa hayo kikigusa jicho, siku hiyo umekwisha. Nilinuka hivyo kipupwe kizima nilipokuwa darasa la sita, kijijini kwetu karibu na Ilongero. Mwalimu wa historia alikuwa ametusimulia jinsi Wareno walivyoizunguka Afrika kwa merikebu wakitafuta viungo, wakafuata Waingereza na Wajerumani, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu, hadi wakaketi mezani huko Ulaya wakatugawana bila hata kutuona. Bahari sijaiona mpaka leo. Mimi nikifika Dodoma tu naanza kuulizia basi la kurudi. Lakini kugawana, hilo nililielewa upesi.

Basi nikawa Mjerumani, na Jumanne, mtoto wa baba mdogo, akawa Mwingereza. Koloni letu lilikuwa shamba la uwele, lenye kisima kimoja, ambalo babu aliwaachia baba zetu, nao wakalilima pamoja bila mpaka wowote. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Tukachomeka vijiti vya minyaa mstari mmoja, kutoka kwenye kichuguu hadi njiani.

"Mbona kisima kimebaki kwako?" Jumanne aliuliza.

"Mjerumani amefika kwanza, bwana. Wewe umechelewa na merikebu yako."

"Merikebu yenyewe ungepanda wewe, ungetapika hadi matumbo!"

Tukacheka, tukaenda kula, tukasahau. Mvua za kwanza ziliponyesha, vijiti vikachipua safu nzima, na kwetu anayepanda minyaa ametangaza mpaka. Baba mdogo aliamini kwamba baba amemnyang'anya kisima kimyakimya. Baba naye aliamini kwamba mdogo wake amechoka kulima naye, sasa anatafuta kisingizio. Mimi, shujaa wa Ujerumani, nilijificha nyuma ya kihenge siku tatu nikiogopa fimbo. Siku ya nne nikakiri. Baba hakunipiga, laiti angenipiga.

"Nani kakutuma useme hivyo?" aliuliza. "Mtoto hapandi mpaka bila kutumwa."

Jumanne naye alikiri kwao, akajibiwa vivyo hivyo.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimelima hadi mgongo umepinda, kapu sijaligusa. Baba mdogo alipofariki, baba alikaa nyuma kabisa msibani kama mpita njia. Kisha naye akamfuata.

Siku hizi nasikia redioni Wajerumani na Waingereza wanaketi meza moja, wanacheka. Kutoka kwangu hadi kwa Jumanne ni mwendo wa nusu saa tu, na hatujasalimiana tangu tukiwa vijana. Mwezi uliopita nilijikaza, nikavaa shati safi, nikaenda kwake. Uani nilimkuta binti yake mdogo akipepeta alizeti, mtoto anayepaswa kuniita baba mkubwa.

"Shikamoo. Unamtafuta nani, mgeni?"

Niliitikia marahaba. Halafu nikamwambia nimepotea njia, naye, kwa adabu zote, akanielekeza barabarani.